Bagamoyo kuelekea Januari 2028: Fedha za Shule, Usimamizi Wake na Matokeo ya Wanafunzi

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

Januari 2028, shule za sekondari za umma nchini zitapokea kwa wakati mmoja wanafunzi wa mikupuo miwili. Waliokuwa Darasa la Nne mwaka 2024 watakuwa wamehitimu Darasa la Saba kwa utaratibu wa zamani. Waliokuwa Darasa la Tatu mwaka huo, ambao ndio walioanza kufundishwa kwa mtaala ulioboreshwa, watakuwa wamehitimu Darasa la Sita. Wote watamaliza elimu ya msingi mwaka 2027, na wote watahitaji kiti, meza, kitabu na mwalimu wa Kidato cha Kwanza.

Katika Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo, mkoani Pwani, watoto hao tayari wapo madarasani, kuanzia Dunda na Magomeni hadi Fukayosi na Makurunge, na majina yao yamo katika rejista za mahudhurio. Ni nadra kwa mipango ya Serikali kupata taarifa ya mapema na ya uhakika kiasi hicho. Mafuriko hayatoi notisi ya miaka mitatu. Mkupuo wa wanafunzi hutoa. Idadi ya watakaobisha hodi inaweza kuhesabiwa shule kwa shule, na kwa sababu hiyo maswali ya msingi yanabaki matatu: nani anaamua, fedha inatoka wapi, na watoto hao watafika sekondari wakiwa wamejifunza nini.

Msingi wa mabadiliko haya ni Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Sera inaweka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ikiwa ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Maana yake kwa hesabu za halmashauri ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa haraka. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wa mwaka 2024, watahiniwa 974,229 walifaulu kitaifa, sawa na asilimia 80.87. Takribani mmoja kati ya watano hakufaulu, na kwa utaratibu uliozoeleka huyo hakupangiwa nafasi ya sekondari. Elimu ya sekondari ya chini inapokuwa ya lazima, mtihani hauwezi tena kuwa mlango wa kuchuja. Kwa hiyo mahitaji ya Januari 2028 yanaweza kuzidi mara mbili ya yale ya mwaka wa kawaida, na mpango utakaozidisha idadi ya sasa kwa mbili tu utakuwa umekadiria chini.

Ukubwa wa jambo hili katika mwambao wa kaskazini mwa Dar es Salaam hauwezi kueleweka bila kutazama ongezeko la watu. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani ukiwa na wakazi 1,098,668. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2, yaani karibu mara mbili katika muongo mmoja. Wilaya ya Bagamoyo, iliyokuwa na wakazi 311,740 mwaka 2012, iligawanywa kiutawala mwaka 2015 na kuwa na halmashauri mbili, Bagamoyo na Chalinze, chini ya Mkuu wa Wilaya mmoja. Halmashauri ya Bagamoyo ilibaki na kata 11, nayo peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya 200,000 katika sensa ya mwaka 2022.

Ongezeko hilo halikusambaa sawasawa. Mapinga na Kerege zimekuwa, kwa maisha ya kila siku, vitongoji vya Dar es Salaam: mzazi anaamka alfajiri kuwahi kazini Tegeta au Mwenge na kurudi usiku, huku watoto wakisoma jirani na nyumba mpya aliyojenga. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya Mto Ruvu, Makurunge ina sura nyingine kabisa: mashamba makubwa, wafugaji, vitongoji vilivyotawanyika na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Katikati yake ni mji mkongwe na vijiji vya wavuvi kama Mlingotini, ambako upepo na bamvua huamua mengi, ikiwemo mahudhurio ya wavulana wa madarasa ya juu. Halmashauri moja inasimamia shule zilizofurika na shule ambazo watoto wake hutembea kilomita kadhaa kuzifikia. Wastani wa wilaya huficha hali zote mbili.

Kuhusu nani anaamua, wananchi wengi huichukulia shule kuwa mali ya "Serikali" kwa jumla, na lawama au pongezi huelekezwa kwa yeyote aliye karibu. Mgawanyo wa kisheria ni wa kina zaidi. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na kurejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, zilizoanza kutekelezwa mwaka 1984. Shule za msingi zikawa chini ya halmashauri, na mwaka 2009 usimamizi wa shule za sekondari nao ukagatuliwa kutoka wizara ya elimu kwenda huko. Leo, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia hutunga sera, mitaala na viwango. Ofisi ya Rais, TAMISEMI, husimamia uendeshaji kupitia mikoa na halmashauri. Uthibiti Ubora wa Shule uko wilayani lakini huripoti wizarani, siyo kwa Mkurugenzi Mtendaji, na hilo lilikusudiwa: anayekagua hapaswi kuwa chini ya anayekaguliwa. Masuala ya utumishi wa walimu, ikiwemo nidhamu, yako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015.

Baraza la Madiwani hupitisha mpango na bajeti ya elimu, lakini haliajiri mwalimu wala kupanga mshahara wake. Vibali vya ajira hutoka Serikali Kuu na mishahara hulipwa na Hazina. Diwani anayeulizwa kwenye mkutano wa hadhara kwa nini shule ya kata yake haina mwalimu wa Fizikia anaulizwa jambo ambalo uwezo wake juu yake una mipaka. Hata hivyo mipaka hiyo isigeuzwe kisingizio. Halmashauri ndiyo inayowapanga walimu ndani ya eneo lake, na tofauti ya idadi ya walimu kati ya shule ya kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na shule ya ndani, inapokuwepo, haiwezi kumalizwa na kibali cha ajira kutoka Dodoma. Inamalizwa kwa uamuzi wa Mkurugenzi na maafisa elimu wake wawili, wa msingi na wa sekondari, na kwa kitu cha kawaida kabisa: nyumba ya mwalimu yenye maji na umeme katika shule ya mbali.

Ngazi ya chini kabisa ndiyo iliyo karibu zaidi na mzazi. Kila shule ya msingi ina kamati ya shule na kila sekondari ina bodi. Mwalimu mkuu au mkuu wa shule ni katibu, siyo mwenyekiti. Vyombo hivi huidhinisha mpango wa shule na matumizi ya fedha zake. Kwa bahati nzuri, Bagamoyo ni makao makuu ya Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, ulioanzishwa mwaka 2001 ukitokana na chuo cha awali cha MANTEP. Chuo hicho huandaa viongozi wa shule, waratibu elimu kata na wathibiti ubora wa nchi nzima, wengine wakisafiri kutoka Kigoma au Ruvuma kuja kujifunza namna ya kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya shule. Mwenyekiti wa kamati ya shule wa Kiromo au Zinga anaishi mwendo mfupi kutoka hapo. Fursa hiyo ya ujirani inastahili kutumika kuliko inavyodhaniwa, hasa kwa wajumbe wa kamati ambao si walimu na ambao ndio wanaotia idhini kwenye matumizi.

Fedha zinazofika shuleni ni suala ambalo mjadala wa umma huligusa kwa hisia nyingi na tarakimu chache. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ikaanzishwa ruzuku ya uendeshaji kwa kila mwanafunzi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipanua elimu bila ada hadi Kidato cha Nne kuanzia Januari 2016, na katika mwaka wa fedha 2022/23 ada ya Kidato cha Tano na cha Sita nayo ikaondolewa. Tangu Januari 2016 fedha hutoka Hazina moja kwa moja hadi kwenye akaunti ya shule badala ya kupitia akaunti za halmashauri. Mabadiliko hayo ya njia ya fedha yaliondoa mianya na ucheleweshaji mwingi, na ni miongoni mwa hatua za usimamizi wa fedha zilizofanyika kimya kimya na kuleta tofauti inayoonekana.

Viwango vyenyewe ni hivi. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka, ambapo Sh 6,000 hupelekwa shuleni na Sh 4,000 hubaki kitaifa kwa ajili ya vitabu. Ya mwanafunzi wa sekondari ni Sh 25,000, nusu yake ikienda shuleni na nusu kwenye vitabu. Sekondari pia hulipwa fidia ya ada iliyofutwa: Sh 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh 70,000 kwa wa bweni, pamoja na chakula cha wanafunzi wa bweni kwa Sh 1,500 kwa siku. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi hupata posho ya madaraka ya Sh 200,000 kwa mwezi, na mkuu wa sekondari na mratibu elimu kata Sh 250,000 kila mmoja.

Mfano wa kukokotoa husaidia. Shule ya msingi yenye wanafunzi 600 hupokea Sh 3,600,000 kwa mwaka, yaani Sh 300,000 kwa mwezi. Fedha hiyo inalipia chaki, karatasi za mitihani ya ndani, michezo, utawala, kitasa kilichovunjika na bati lililong'olewa na upepo wa bahari. Gharama ya uendeshaji wa shule nzima kwa mwezi haizidi sana posho ya madaraka ya mtu mmoja anayeiongoza. Sekondari ya kutwa yenye wanafunzi 500 hupokea Sh 6,250,000 za ruzuku na Sh 10,000,000 za fidia ya ada, jumla Sh 16,250,000 kwa mwaka, au takribani Sh 1,350,000 kwa mwezi, nayo ina maabara za kuendesha.

Kiwango cha Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kina historia yake. Kilipowekwa wakati wa MMEM kilikusudiwa kulingana na dola 10 za Marekani, na wakati huo dola moja ilikuwa chini ya Sh 1,000. Tarakimu haikubadilika, thamani yake imepungua hadi chini ya nusu ikipimwa kwa dola, na bei za karatasi na saruji zinasimulia jambo hilo hilo kwa lugha ya dukani. Katika kipindi hicho Serikali imeongeza fedha za elimu kwa njia nyingine, hasa majengo. Mwaka 2021 fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilijenga vyumba vya madarasa 15,000, vikiwemo 3,000 vya shule shikizi. Mwaka 2022 zikatolewa Sh bilioni 160 kwa vyumba vingine 8,000 vya sekondari, kwa makadirio ya Sh milioni 20 kwa chumba. Miradi ya SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa awali na msingi, kila mmoja ukigharimiwa kwa dola milioni 500 kutoka Benki ya Dunia, imejenga shule mpya katika kata zisizokuwa nazo au zilizofurika. Jengo jipya, hata hivyo, ni mzigo mpya kwa ruzuku ile ile ya uendeshaji. Chumba kilichogharimu Sh milioni 20 huhitaji rangi, vioo na bawaba baada ya miaka michache, hasa mwambao ambako chumvi ya hewani hula chuma upesi, na matengenezo hayo hutoka kwenye Sh 6,000 za mtoto.

Upande wa udhibiti, shule leo huandika hesabu zake katika mfumo wa uhasibu wa vituo vya kutolea huduma, FFARS, ulioanza kutumika mwaka 2017. Ujenzi kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi umeweka shuleni kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kuzitenganisha mbili za mwisho ni kinga muhimu, kwani anayenunua mifuko ya saruji siye anayeihesabu ikishuka kwenye gari. Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua halmashauri kila mwaka, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji maafisa masuuli. Mwananchi anapaswa kufahamu kile ambacho hati ya ukaguzi inasema na kile isichosema. Hati inayoridhisha inathibitisha kwamba hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Haithibitishi kwamba mtoto wa Darasa la Pili anasoma aya moja kwa ufasaha.

Pengo linalobaki kati ya ruzuku na mahitaji hujazwa na wazazi, na hapo ndipo migogoro mingi huzuka. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulifafanua majukumu: mzazi hugharimia sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Januari 2018, Rais wa Awamu ya Tano, Dkt. John Magufuli, alipiga marufuku michango ya lazima katika shule za umma, na walimu wakazuiwa kuikusanya. Agizo lililenga kumaliza tabia ya kuwafukuza watoto kwa sababu ya michango, na hakuna anayeitamani tabia hiyo irejee. Lakini katika maeneo mengi chakula cha mchana nacho kilikwama, kwa kuwa wazazi walielewa kwamba kila mchango umekatazwa. Mwongozo wa Kitaifa wa huduma ya chakula na lishe shuleni wa mwaka 2021 ulirejesha utaratibu: wazazi hukubaliana katika mkutano wao, kamati yao hukusanya na kusimamia, na mtoto ambaye mzazi wake hajatoa harudishwi nyumbani.

Katika pwani ambayo samaki, nazi, mihogo na mpunga hupatikana, uji au kande za saa nne haipaswi kuwa jambo lililoshindikana. Ugumu upo kwenye kipato kisicho na tarehe. Mvuvi na mkulima wa mwani hawana mwisho wa mwezi, na mkutano wa wazazi unaoitishwa Januari, wakati wa sare na madaftari, hupata ahadi nyingi kuliko fedha. Kamati inayokubali mchango wa mahindi au mihogo wakati wa mavuno huwa na nafasi kubwa zaidi ya kufanikiwa kuliko inayodai fedha taslimu mwanzoni mwa mwaka. Uhusiano wa jambo hili na ufaulu ni wa moja kwa moja kuliko inavyosemwa kwenye vikao vya tathmini: mtoto aliyetoka Mlingotini bila kifungua kinywa hawezi kufuatilia somo la Hisabati la saa sita.

Matokeo ya mitihani yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kitaifa, mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2024 ulikuwa na ufaulu wa asilimia 92.37. Tarakimu hiyo inajumuisha Daraja la Kwanza hadi la Nne. Waliopata Daraja la Kwanza hadi la Tatu, ambao ndio wenye nafasi halisi ya kuendelea na Kidato cha Tano au kozi nyingi za vyuo, walikuwa takribani asilimia 43. Zaidi ya nusu ya watahiniwa, kwa maneno mengine, walihitimu kwa Daraja la Nne au chini yake. Mzazi anayesikia "ufaulu umepanda" anaambiwa jambo la kweli, na bado ana haki ya kuuliza umepanda katika daraja lipi.

Bagamoyo ina sababu ya ziada ya kuwa makini na wastani. Baadhi ya shule zisizo za Serikali wilayani humo, Marian Wasichana ya Kanisa Katoliki ikiwa maarufu zaidi, zimewahi kutajwa miongoni mwa kumi bora nchini, kabla ya Baraza la Mitihani kuacha kutangaza orodha hizo Januari 2023. Shule hizo huchagua wanafunzi kwa usaili kutoka nchi nzima. Matokeo yake hayaelezi hali ya mtoto wa Yombo. Uamuzi wa Baraza umesaidia kuhamisha macho kutoka kwenye ushindani wa majina kwenda kwenye swali lenye manufaa zaidi: shule ya kata imewatoa wapi wanafunzi wake na imewafikisha wapi. Kwa hilo, vipimo vya Darasa la Pili, la Nne na Kidato cha Pili vina thamani kubwa kuliko matokeo ya mwisho, kwa kuwa huja wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Mtoto asiyemudu kusoma, kuandika na kuhesabu akiwa Darasa la Pili hukutana baadaye na kikwazo kingine anapoingia Kidato cha Kwanza na kuanza kufundishwa kwa Kiingereza masomo aliyoyasoma kwa Kiswahili kwa miaka yote ya msingi.

Historia ya upanuzi wa elimu nchini inatoa tahadhari yenye ushahidi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote waandikishwe ifikapo 1977. Uandikishaji ulipanda kwa kasi ambayo nchi chache za Afrika ziliweza kuifikia, na walimu wakaandaliwa kwa mafunzo mafupi vijijini ili kuziba pengo. Mwaka 2006 ukaanza upanuzi wa shule za kata. Walioingia Kidato cha Kwanza mwaka 2009, katikati ya upanuzi huo, ndio waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2012, ambapo zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata sifuri katika matokeo ya awali. Serikali iliunda Tume chini ya Prof. Sifuni Mchome, na matokeo yakapangwa upya mwaka 2013. Shule za kata zenyewe hazikuwa kosa. Bila hizo, maelfu ya wasichana wa pwani wasingevuka Darasa la Saba. Kilichotokea ni kwamba majengo yalitangulia, na walimu, vitabu na maabara vikafuata kwa umbali mkubwa.

Watakaoingia Kidato cha Kwanza Januari 2028 watamaliza Kidato cha Nne mwaka 2031. Kama majengo yatatangulia tena na walimu wakafuata, tofauti itaonekana kwenye matokeo ya mwaka huo, na kwa mikupuo miwili badala ya mmoja.

Ukokotozi wa mahitaji unaweza kufanywa katika ngazi ya kata. Kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa chumba cha sekondari, shule inayopokea wanafunzi 120 kila mwaka itahitaji nafasi 240 au zaidi, yaani angalau vyumba vitatu vya nyongeza. Kwa makadirio ya mwaka 2022 hivyo ni Sh milioni 60, bila kuhesabu matundu ya vyoo, maji na samani. Mkupuo mkubwa hautaishia Kidato cha Kwanza. Utahamia Kidato cha Pili mwaka 2029 na kuendelea hadi 2031, hivyo vyumba vitatumika kwa miaka minne mfululizo. Upande wa shule za msingi utapata ahueni: Darasa la Saba litakapokoma, vyumba vyake vitabaki wazi. Kata ambazo shule ya msingi na sekondari zinapakana zina nafasi ya kutumia vyumba hivyo kwa muda, jambo linalohitaji makubaliano ya kamati moja na bodi moja kuliko linavyohitaji fedha.

Kwa Mapinga na Kerege kuna suala la ardhi, ambalo haliwezi kungoja 2028. Mashamba yanapimwa viwanja na kuuzwa mwezi baada ya mwezi. Eneo la shule lisipotengwa kwenye ramani ya mipango miji kabla ya mauzo, halmashauri italazimika baadaye kulipa fidia kwa bei ya soko, na fidia ya ekari chache karibu na barabara kuu inaweza kuzidi gharama za kujenga madarasa. Serikali za vijiji na vitongoji ndizo zinazoona mauzo hayo kwanza. Mji huu una kumbukumbu ya mtu binafsi aliyetambua mapema umuhimu wa kutenga mahali pa shule: katika miaka ya 1890 mfanyabiashara Sewa Haji Paroo alitoa jengo la shule lililopokea watoto bila kujali asili yao, wakati ambapo utawala wa kikoloni haukuwa na mazoea hayo. Wanaouza viwanja leo hawatakiwi kutoa zawadi. Wanatakiwa kuheshimu ramani.

Kwa wasichana wanaoacha shule kwa ujauzito na wanafunzi wengine waliokatisha masomo, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia njia ya kurudi katika mfumo rasmi. Halmashauri inapokadiria mahitaji ya 2028 inapaswa kuwahesabu na hao, kwani wana haki ya nafasi ile ile.

Ratiba ya bajeti ndiyo inayobana zaidi. Mwaka wa fedha 2027/28 utaanza tarehe 1 Julai 2027, miezi sita kabla ya wanafunzi kuripoti, na fedha za maendeleo kwa kawaida hazitoki zote katika robo ya kwanza. Ujenzi unaotegemea bajeti hiyo pekee utaangukia kwenye mvua za vuli. Vyumba vinavyotakiwa Januari 2028 vinahitaji kuwa ndani ya bajeti ya 2026/27, ambayo mapendekezo yake huanzia kwenye mikutano ya vijiji, hupita Kamati za Maendeleo za Kata na kufika Baraza la Madiwani kabla ya kwenda mkoani na Bungeni. Mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sehemu yake hutengwa kisheria na kimiongozo kwa miradi ya maendeleo, ndiyo yenye wepesi zaidi wa kuelekezwa kwenye maboma yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi.

Taarifa za mapato na matumizi ya kila shule zinatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, na mzazi yeyote ana haki ya kuzisoma na kuziulizia katika mkutano wa wazazi. Idadi ya wanafunzi walio katika madarasa mawili yatakayohitimu mwaka 2027 hupatikana kwa mwalimu mkuu wa kila shule ya msingi na kwa mratibu elimu wa kata husika.